Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Mombasa: ambulensi zetu zipewe ECG, na mtu wa kuisoma

Mheshimiwa, asalaam aleikum.

Sitakuzungusha. Naomba ambulensi zinazohudumia mji huu ziwe na mashine ya ECG, yaani ya kuchora umeme wa moyo, ile kamili ya vibandiko kumi vya kubandika mwilini, sio ya kuhesabu mapigo tu, na majibu yatumwe kwa daktari kwa simu mgonjwa akiwa bado nyumbani kwake ama njiani.

Sisi ni watu wa kisiwa. Mtu akishikwa na kifua Mtongwe jioni kuna feri, ama uzunguke Dongo Kundu, akiwa Kisauni kuna daraja la Nyali na jam yake, Changamwe kuna Makupa, yaani kila upande kuna pahali pa kukwama. Na moyo haungoji, mshipa wake ukiziba nyama ya moyo inaanza kufa na ikishakufa haioti tena. Kanuni wanayofuata madaktari ni kwamba akishajulikana mshipa umeziba, kama atafika pahali pa kuzibuliwa kwa waya ndani ya dakika 120 apelekwe huko, kama haiwezekani achomwe dawa ya kuyeyusha ile damu iliyoganda, na achomwe mapema. Sasa nani atajua ni yupi wa kupelekwa wapi na hakuna aliyempima? Dereva abahatishe?

Yalimpata mjomba wangu hayo. Kifua kinabana, mkono wa kushoto mzito, jasho mpaka shati limemganda mgongoni, na sisi pale nyumbani tunasema ni alsas, vidonda vya tumbo, tunamchemshia tangawizi. Ambulensi ilikuja, ya nani sisemi, ina machela na oksijeni na vijana wenye adabu zao, lakini kipimo walichokuwa nacho ni kile cha kubana kidole. Wakampeleka hospitali ya karibu, huko ndio akapimwa moyo, ndio wakasema sio hapa, ndio tukaanza kutafuta gari lingine na kupigiana simu za pesa. Yuko hai alhamdulillahi, ila ngazi za ghorofani siku hizi hazimalizi bila kukaa katikati.

Na mtu asikwambie haya ni mambo mapya. Mwaka 1905 daktari Einthoven kule Uholanzi alituma mchoro wa moyo kwa waya wa simu, kutoka hospitali ya Leiden mpaka maabara yake, kama kilomita moja na nusu. Kivuko cha Likoni hakifiki hata hiyo! Belfast nako, Ireland ya Kaskazini, mwaka 1966 daktari Pantridge alitia kwenye ambulensi mashine ya kushtua moyo inayotumia betri za gari. Sisi ambao nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa tangu 2009, na video za harusi tunarushiana mchana kutwa, tushindwe na kijifaili cha ECG?

Mashine zenyewe kununua sio kazi, kazi ni baada ya picha kupigwa na utepe kukatwa. Vile vibandiko vinatumika mara moja vinatupwa, vikiisha mashine inakuwa pambo. Alafu kwa joto letu hili, na mgonjwa wa moyo mwenyewe anatoka jasho la baridi, havishiki mpaka kifua kipanguswe kikauke, wakati mwingine kinyolewe, kwa hivyo kitambaa cha kupangusia na wembe visikose garini. Na mama zetu je? Vibandiko sita vinakaa kifuani, mama wa buibui hatakubali kufunguliwa mbele ya majirani, basi pawe na pazia ama shuka, na akipatikana mhudumu mwanamke ni bora zaidi. Haya usiyaone madogo, hapo ndipo kipimo kinaporukwa.

Kubwa kuliko yote ni yule wa kuisoma. ECG ikitumwa saa nane usiku kwa simu iliyozimwa ni bure. Awepo daktari wa zamu anayejulikana kwa jina, usiku na mchana, ajibu ndani ya dakika chache: mpeleke pale, mpe aspirini atafune kama haimdhuru, rudia kipimo. Kurudia ni muhimu, manake ECG ya kwanza inaweza kutoka safi na mtu ana shida kweli. Na isiwe ni kurusha jina la mgonjwa kwa grupu la WhatsApp, sheria ya data ya 2019 ipo.

Najua utaniambia pesa. Sawa, anzeni na gari la Likoni na la Kisauni, muandike kila safari ilichukua muda gani tangu mgonjwa kufikiwa mpaka kupata matibabu, alafu mtuonyeshe. Katiba ya 2010 imewapa kaunti kazi ya ambulensi, na Kifungu cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, kwa hivyo hatuombi hisani.

Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa nitakuja, na nitauliza kuhusu vibandiko kabla ya kuuliza mashine.

Wako,
Mkaazi wa Likoni