Asante, mzee wa birika la shaba

Mzee uliyekuwa na meza yako Jumapili iliyopita kwenye soko la mitumba la Straße des 17. Juni, Berlin: jina sikukuuliza, kosa ni langu. Nilishika lile birika la shaba nikidhani ni dele, kama ya wauza kahawa wa kwetu Mombasa. Ungeweza kunicheka. Badala yake ulilifunua, ukanionyesha juu pa maji ya moto ya kulaza soseji, na chini pa moto wenyewe. Halafu ukajivika mkanda wa birika, ukatembea hatua nne ukiita wateja kama Wurstmaxe, wale wachuuzi waliozunguka mitaa ya Berlin na birika, mikate midogo na haradali. (Hapa inaitwa Mostrich, ulisisitiza mara mbili!) Ukakipitisha kidole changu kwenye alama za nyundo na mshono wa lehemu, nijue ni kazi ya mkono.

Bei sikuimudu. Ulilijua hilo tangu mwanzo, na bado ulinipa nusu saa nzima kwenye baridi ile, tena na glavu zako. Nilizirudisha zikinuka shaba.

Shikamoo tena, mzee wangu. Asante sana.