Kiki haitengenezwi kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme na wenzetu wa kwaya, bendi na vikundi vya ngoma vya Mtwara na Lindi wanaotoa fedha zao kurekodi. Nyimbo nyingi zinazotoka huku kwetu zina sauti nzuri na magitaa safi, lakini dramu kubwa, ile tunayoiita kiki, inasikika kama mtu anapiga teke katoni tupu. Dawa yake imekuwa ile ile: fundi anaifuta na kubandika kiki ya kompyuta, na jasho lote la mpigaji limekwenda bure. Mara nyingi kosa ni mahali maiki ilipowekwa, na kulirekebisha ni kazi ya nusu saa isiyohitaji kununua kitu.

Kwanza dramu yenyewe, kwa sababu hakuna maiki inayotibu dramu mbovu. Kaza skrubu zote kwa vidole, kisha shika ufunguo uzungushe kila moja robo mzunguko, ukitoka skrubu hii unakwenda inayoikabili upande wa pili, hadi mikunjo ya ngozi iishe. Ngozi ya mbele ikaze zaidi kidogo kuliko ya kupigwa. Ndani weka mto mdogo au blanketi lililokunjwa, liziguse ngozi zote mbili kwa mbali tu. Kuna wanaosheheneza nguo hadi juu. Dramu ya namna hiyo inatoa "pa" na haina "dum", halafu lawama anapewa fundi. Pedeli, ile ya kupigia kiki kwa mguu, ikilia, itie mafuta mapema. Maiki iliyo ndani ya dramu inasikia chuma kuliko mpigaji mwenyewe anavyokisikia.

Maiki ya kazi hii ni dainamiki, ile isiyohitaji umeme, yenye kiwambo (utando unaopokea sauti) kikubwa, kwa kuwa inavumilia kishindo na inapokea sauti nzito. AKG D112 iliingia sokoni miaka ya 1980 na mpaka leo inafanya kazi. Shure Beta 52A na Audix D6 zimeundwa zikiwa tayari zimepunguza sauti ya kati na kuinua tumbo (besi) na mgongo (mlio wa nyundo) wa kiki. Ukiziweka vizuri huna haja ya kugusa sana ekwalaiza, ile ya kuongeza na kupunguza besi, sauti ya kati na sauti kali, lakini zina sura yao na hazibembelezeki. Electro-Voice RE20 inapokea sauti ilivyo, bila kuipamba. Asiye na hata moja kati ya hizo asikate tamaa. SM58 ya mwimbaji, au SM57, inatosha kuanzia. Maiki za aina hiyo zina tabia ya kuongeza besi kadiri unavyozisogeza karibu na kinachopigwa, kwa hiyo zipeleke karibu. Maiki ya kondensa, ile inayotaka umeme wa volti 48, usiitumbukize ndani kabla hujajua inavumilia kishindo cha kiasi gani. Iache nje, hatua moja mbele ya dramu, na bonyeza kitufe cha kuipunguza nguvu kama inacho. Na kwa hewa ya pwani yetu, kondensa iliyolala nje ya kasha usiku kucha asubuhi inaweza kukoroma kwa unyevu.

Sasa mahali pa kuiweka, na hapa ndipo kazi ilipo. Chukua dramu ya inchi 22 yenye tundu la inchi 4 au 5 kwenye ngozi ya mbele. Ingiza maiki hadi ibaki vidole vitatu au vinne kutoka ngozi ya kupigwa, ielekee pale nyundo ya pedeli inapogonga: utapata mlio mkali wa nyundo, tumbo dogo. Irudishe nyuma, iwe shubiri moja kutoka ngozi ile ile: tumbo na mgongo vinakaribiana, na wengi watabaki hapo. Ikiwa nyundo bado inachoma, usiguse ekwalaiza. Geuza kichwa cha maiki kidogo kielekee ubavu wa dramu, ukali utashuka wenyewe. Ukiitoa hadi mlangoni mwa tundu, besi inajaa, lakini kila pigo linasukuma upepo kupitia tundu lile na kurekodi "fuu" pamoja na "dum". Sogeza inchi 2 ndani, au ikae pembeni mwa tundu badala ya katikati. Dramu isiyo na tundu iwekewe maiki nje, nusu shubiri kutoka ngozi ya mbele, kati ya kitovu na ukingo.

Usichague kwa macho. Mpigaji apige mpigo wa wimbo husika kwa nguvu atakayotumia, mwingine asogeze maiki inchi 2 kwa 2, na kila mara atamke mbele ya maiki: "ndani, shubiri moja", "mlangoni". Kisha sikilizeni zote mfululizo, kwenye spika na kwenye simu. Simu haitoi hezi 60, yaani besi nzito, kwa hiyo kiki yenye tumbo peke yake inapotea kabisa kwenye simu, na huko ndiko wimbo wenu utakakosikilizwa zaidi. Sabufa ya dukani nayo inadanganya kwa upande wa pili, inaongeza besi ambayo hamkuirekodi.

Stendi iwe fupi, isiguse mbao ya dramu, na mguu wake ulemewe na mfuko wa mchanga. Mchanga tunao. Sakafu ya vigae inaifanya dramu itambae mbele pigo kwa pigo. Wimbo wa tatu ukifika, maiki iliyokuwa shubiri moja imeshafika kwenye ngozi. Tandika zulia chini ya dramu na kiti cha mpigaji pamoja, uzito wake ndio unaolishikilia.

Kwenye mikisa au kompyuta, mwambie mpigaji apige pigo lake kali kuliko yote, na kilele kisizidi desibeli 10 chini ya mwisho wa kipimo, pale sauti inapoanza kukwaruza. Wimbo ukikolea atapiga zaidi ya alivyopiga kwenye jaribio. Hakuna mpigaji asiyefanya hivyo. Baadaye, ekwalaiza ni ya kupaka rangi tu: tumbo liko hezi 60 hadi 80, sauti ya katoni iko 300 hadi 400, mlio wa nyundo 3,000 hadi 4,000. Ukijikuta unaongeza zaidi ya desibeli 6 popote hapo, rudi ukasogeze maiki.

Wanaotumia maiki mbili, moja ndani na nyingine nje, wakumbuke kwamba sentimita 34 za tofauti ni sawa na kuchelewa kwa elfu moja ya sekunde. Mawimbi yanapofika kwa nyakati tofauti yanaweza kulana. Bonyeza kitufe cha kugeuza feizi, yaani mwelekeo wa wimbi, kwenye maiki moja, sikiliza huku na huku, baki na upande wenye tumbo kubwa.

Jambo hilo ni zito zaidi kwa ngoma kubwa za sindimba zilizowambwa ngozi upande mmoja. Maiki ya juu inaiona ngozi ikikimbia, maiki iliyo chini kwenye uwazi inaiona ikija. Ukizichanganya bila kugeuza feizi ya moja, ngoma inakonda mbele ya macho yako. Mdomo wa chini usizibwe na ardhi, uinuliwe au uinamishwe upate nafasi ya kutoa pumzi. Na kwa kuwa ngozi hizo hupashwa moto kabla ya kupigwa, sauti inashuka zinapopoa: pasheni, pangeni maiki, rekodini, na zikipashwa tena sikilizeni upya kabla ya kuendelea. Maiki mliyoipenda kwa ngozi iliyopoa itawachomea masikio kwa ngozi ya moto.

Mkishapata mahali, bandikeni utepe sakafuni kwenye miguu yote mitatu ya stendi, na alama nyingine kwenye mkono wake, kabla watu hawajatoka kwenda kula.

Mafundi wa kurekodi,
Shangani, Mtwara