Asilimia ya getini haikwambii utasimama dakika ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua, maana ile makala yenu ya juzi kuhusu bustani za burudani kipindi cha korona imenikaa rohoni na nimeona nisilale nayo. Mliandika kwamba bustani zilivyofunguliwa tena 2020 zilikuwa tupu, watu robo tu, aliyebahatika kwenda alikuwa anapanda michezo anavyotaka hamna foleni. Alafu chini mkaweka picha ya foleni ndefu mno mkauliza hao watu wametoka wapi kama kweli kulikuwa na kikomo. Mkaviacha hivyo viwili vinagombana na mkaendelea na mengine. Mimi naishi Florida, mwaka ule tulienda mara tatu na familia, na haya mambo ya foleni nayafuatilia miaka mingi, kwa hiyo naomba niwaeleze kilichokuwa kinatokea.

Kwanza hizo asilimia zenyewe. Kati ya bustani za Disney, Shanghai ndio ilitangulia kufungua, tarehe 11 Mei 2020, na Bob Chapek aliyekuwa mkuu wa kampuni alisema bustani ile kwa kawaida inabeba watu 80,000 na serikali ya China imewawekea mwisho 24,000, na kwamba wao wataanza chini ya hapo. Huku Florida, Walt Disney World wenye bustani nne wakafungua Magic Kingdom na Animal Kingdom tarehe 11 Julai, Epcot na Hollywood Studios tarehe 15, mwanzo ilikuwa asilimia 25 na ilipofika Novemba Chapek akawaambia wawekezaji wamefika 35. California wao walikaa zaidi, Disneyland ilifungwa tarehe 14 Machi 2020 ikaja kufunguliwa 30 Aprili 2021, zaidi ya siku 400, tena kwa robo ya watu na wakazi wa jimbo hilo peke yao.

Sasa ukisikia imetoka 25 ikaenda 35 unaona ah, ni kumi tu. Lakini piga hesabu ya aliyesimama kwenye foleni: pale palipokuwa na watu watano sasa wapo saba. Hio sio nyongeza ndogo hata kidogo, na kila mmoja wao anataka kiti kwenye mchezo, na viti ndio kiini cha hii barua yangu.

Chukua mchezo mmoja, tuseme ile treni ya kupanda na kushuka, rola-kosta, yenye viti 24, inaondoka kila dakika moja. Hapo kwa saa inabeba watu 1,440. Wakija watu 900 kwa saa hamna foleni kabisa, unatembea mpaka unakaa. Ikaja korona, wakaambiwa familia moja isikae jirani na familia nyingine, kwa hiyo mstari mmoja wa viti unajazwa na unaofuata unaachwa, na hapohapo kama nyie ni wawili kwenye mstari wa watu wanne vile viti viwili vinavyobaki vinaenda vitupu maana hawawezi kukuwekea mgeni. Tuseme tu ni nusu, 720 kwa saa, ingawa mara nyingi ilikuwa chini ya hapo. Watu ni walewale 900. Kila saa wanabaki 180 hawajapanda. Baada ya saa tatu kuna watu 540 mbele yako na wewe utasimama dakika 45, kwenye mchezo ambao zamani kwa watu haohao 900 usingesimama hata dakika moja. Mnaona hapo? Getini watu wamepungua kweli na bado foleni ipo, na hamna aliyedanganya.

Alafu wapo waliokuwa wanapotezwa na macho. Florida alama za kusimama zilikuwa futi sita, karibu mita mbili, kutoka kundi moja hadi lingine. Makundi mia moja ni karibu mita 200 za foleni, na zile njia za ndani zenye kona kona zilizojengwa kwa watu kubanana hazitoshi, kwa hiyo foleni inatoka mlangoni inazunguka jengo inapita vyooni inaenda mpaka kwenye mchezo wa jirani. Mtu akipiga picha anaiweka mtandaoni, dunia nzima inasema tazameni hawa hawajali ugonjwa. Ile picha yenu ndio hio. Ukiitazama vizuri utaona pengo kati ya kila familia na nyingine, na mkanda chini.

Kitu kingine ambacho makala haikugusa kabisa ni kwamba Disney World walisimamisha FastPass+, ile ya kuhifadhi saa yako ya kupanda mchezo bure kabla hujafika. Wengi walilalamika, mimi nakwambia ndio kitu kilichookoa foleni za kawaida mwaka ule. Kabla ya hapo pale mbele kulikuwa na mfanyakazi anayechanganya foleni mbili, anaingiza wengi wa FastPass alafu wachache wa kawaida, kwa hiyo ukiwa kawaida unasimama, unasogea hatua tatu, unasimama tena dakika nne, mtoto anauliza tumefika? Ilivyoondolewa foleni ikawa moja na ikawa inatembea, yaani ndefu lakini miguu haitulii, na ukimuuliza aliyesimama kabla na baada ya hapo atakwambia hivyohivyo. Oktoba 2021 ikaja Genie+, ya kulipia, dola 15 kwa mtu kwa siku kwa kuanzia hapa Florida, na ule mchanganyo wa foleni mbili ukarudi.

Na maonyesho. Gwaride la kawaida hamna, fataki hamna, maonyesho mengi ya jukwaani yamefungwa. Watu huwa wanaona hivyo ni vya pembeni tu, vya kumalizia siku, lakini gwaride moja linatoa maelfu ya watu kwenye foleni kwa nusu saa nzima wamekaa pembeni ya barabara, ukumbi mmoja unameza mamia kwa mpigo. Vikifungwa hivyo, wale robo wote wako kwenye michezo tu, hawana pengine pa kwenda. Kuanzia Septemba 2020 saa za kufungua nazo zikapunguzwa, kwa hiyo watu ni wachache lakini siku yenyewe fupi na wote wanataka vitu vilevile vinne vitano. Mchezo mpya wa Rise of the Resistance pale Hollywood Studios haukuwa na foleni ya kawaida kabisa, unaomba nafasi kwenye app ya simu, na nafasi zilikuwa zinaisha hapohapo zikifunguliwa. Hivi mtu aliyekosa hapo utamwambia bustani ilikuwa tupu?

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Novemba 2020 tulienda na Mama, ambaye anaishi na sisi, na mwanangu alikuwa na miaka saba. Bustani sitaitaja. Tulifanya bukingi wiki kadhaa kabla, tukapimwa joto getini, barakoa muda wote, Mama na magoti yake lakini ana furaha maana toka Machi alikuwa hajatoka zaidi ya hospitali na dukani. Tukafika kwenye mchezo wa mashua, ule aliokuwa anausubiri, wa kukaa tu unapelekwa polepole gizani na muziki. Foleni imetoka nje, imepita mapipa ya taka, imekunja nyuma ya choo, mkanda wa njano chini kila mita mbili, juu ubao umeandika dakika 60. Mama akasimama akaiangalia, akasema mwanangu mimi hapa siwezi, nendeni na mjukuu wangu nitawasubiri hapo kivulini. Nikamshawishi kidogo, nikaona ntamuumiza, nikamwacha kwenye benchi na mkoba wake na chupa ya maji.

Tuliingia tukawa tunatembea tu. Mkanda, mkanda, mkanda, hatukusimama zaidi ya nusu dakika popote. Niliangalia saa, tulikaa kwenye mashua dakika ya 22. Ile mashua ina mistari mitano, mbele yetu wamekaa baba na mtoto, mstari mmoja mtupu, sisi, mtupu, nyuma wazee wawili. Mwanangu akaangalia ule mstari mtupu mbele yetu akasema Bibi angekaa hapa. Sikuwa na la kumjibu.

Mchana tukasema basi sasa zamu ya Bibi achague. Akachagua mchezo uliokuwa na foleni fupi inayoonekana, watu hawafiki hata ishirini nje, ubao unasema dakika 20, akasema hii naiweza. Tukaingia. Ndani tukasimama. Kumbe wamesimamisha mchezo wanapanguza viti kwa dawa, wakamaliza, wakaanza kupakia kidogokidogo, tukasogea, tukasimama tena. Kwenye kona za ndani hamna benchi, hamna ukuta wa kuegemea maana wameweka zile plastiki za kukinga, na ukitoka unatoka kinyume na watu wote waliotunza umbali nyuma yako. Dakika 55. Mama hakusema neno, alishika chuma kwa mikono yote miwili na nikaona anabadilisha mguu, huu, ule, huu, ule. Usiku alilala na barafu magotini.

Mhariri, Mama siku ile aliamua mara mbili kwa kutumia macho na ubao, na mara zote mbili vilimpoteza. Foleni ndefu ilikuwa ya kwake na foleni fupi haikuwa ya kwake. Na waliokuwa na habari kamili walikuwepo pale pale, yule kijana wa mlangoni anajua mashua ngapi zinatoka na viti vingapi vinaenda vitupu, yule wa mchezo wa pili anajua saa ya kupanguza imefika. Hamna aliyeagizwa kutuambia. Nadhani walikuwa wanaandika dakika nyingi kwenye ubao makusudi ili watu watawanyike waende kwingine, na kwa kulinda umbali naelewa kabisa, lakini mtu mwenye magoti mabovu anahitaji kuambiwa ukweli ili ajipange.

Na msiniambie kwamba kipindi kile kueleza watu ilikuwa ngumu. Japani walipofungua waliwaomba watu wasipige kelele kwenye rola-kosta, kitu ambacho ukisikia unasema hakiwezekani, na bustani ya Fuji-Q ikatoa video, wakubwa wao wawili wamevaa suti na barakoa wanapanda rola-kosta yao iitwayo Fujiyama kimya kabisa kuanzia juu mpaka chini, na mwisho wanasema piga kelele ndani ya moyo wako. Dunia nzima iliiona na ikaelewa. Ukiweza kumweleza mtu hivyo, unaweza kuweka kibao kinachosema foleni hii ni ndefu kwa macho lakini inatembea, au mchezo huu utasimama saa nane kamili kwa usafi.

Sidai kikomo kilikuwa kibaya. Kilikuwa kizuri, njia za kutembea zilikuwa na hewa, mtoto anakimbia humpotezi, na ningependa bustani ziendelee kuwa na mwisho wa watu kwa siku hata bila ugonjwa. Disney World waliendelea kudai bukingi ya siku hadi Januari 2024 ndio wakaondoa kwa tiketi nyingi zenye tarehe. Ninachoomba ni namba ya pili, ya viti kwa saa, iandikwe pamoja na ile ya kwanza ya asilimia. Mkituandikia tena, na mtaandika maana haya magonjwa yanarudi na vikomo vitarudi navyo, msiishie kuuliza mmeruhusu watu asilimia ngapi. Muulizeni msemaji wao viti vingapi vinaondoka kwa saa kwenye kila mchezo mkubwa, maonyesho gani yamefungwa, na kama kuna foleni ya kulipia inachukua sehemu gani ya hivyo viti. Ni maswali matatu tu ya simu moja.

Mama bado anauliza ule mchezo wa mashua ulikuwaje ndani. Mwaka huu tunampeleka, na safari hii ataingia na kiti cha magurudumu, ntasukuma mwenyewe.

Msomaji wenu,
Florida, Marekani