Kabla hujalipa, angalia herufi kwenye viza

Kisasa, Dodoma
Jumapili usiku

Shoga yangu mpenzi,

Ile sauti uliyonitumia juzi, kwamba wakala amekupatia kazi ya kufundisha China, nimeisikiliza mara tatu. Furaha yako inasikika mpaka kwenye pumzi, na ndiyo iliyonifanya nichelewe kujibu. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimetulia, watoto wa dada wamelala, si kwa vijimeseji utakavyosoma umesimama koridoni kati ya kipindi na kipindi.

Kwanza ile karatasi ya mwisho kwenye picha ulizotuma, inayofuata baada ya mkataba, uliyoniandikia chini yake "na hii ndiyo barua ya mwaliko". Umeisoma yote? Mimi nimeikuza kwenye simu mpaka herufi zikaingia ukungu. Imetoka kwa kampuni inayouza vipuri vya mashine. Inasema unaalikwa kwenda kukagua bidhaa na kuzungumzia manunuzi kwa siku 30. Neno mwalimu halimo, wala jina la shule. Kwenye mkataba wewe ni mwalimu wa Kiingereza wa watoto wa miaka mitatu hadi sita, lakini kwenye barua utakayoipeleka ubalozi wa China pale Dar es Salaam wewe ni mfanyabiashara wa vipuri. Siku polisi wa kule watakapokuuliza umefuata nini, utawajibu kwa karatasi ipi?

Nakuuliza hivyo kwa sababu na mimi nilipewa karatasi kama hiyo. Nilikwambia nilirudi mapema kutoka China kwa sababu mama alikuwa anaumwa. Nisamehe, mwenzangu. Haikuwa hivyo. Nilirudi kwa sababu nilipewa siku kumi za kuondoka, na aibu ikanifunga mdomo hata kwako, wewe tuliyelala chumba kimoja chuoni UDOM miaka mitatu.

Unakumbuka mzee aliuza ng'ombe wanne ili nipate ile milioni tano na laki nane ya wakala. Nilikuwepo mnadani Msalato siku hiyo. Wa mwisho alikuwa maksai mwekundu aliyekuwa akimlimia tangu nikiwa kidato cha pili. Mzee hakubishana bei. Alipokea hela, akazihesabu mara mbili, akanikabidhi. Nilipanda ndege na picha hiyo kichwani.

Kule Zhengzhou, jimbo la Henan, nilipokelewa na kijana wa wakala, mpole kabisa, akanibebea begi mpaka chumbani. Kitu cha kwanza alichoniomba ni pasipoti. Alisema ni kwa ajili ya kuniandikisha polisi. Sikushtuka, maana ni kweli: sheria yao inamtaka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe polisi ndani ya saa 24. Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba hakuniandikisha popote. Na sheria hiyo hiyo inamtaka mgeni atembee na pasipoti yake. Mimi nilitembea na nakala yake kwenye pochi.

Sasa nikueleze habari ya herufi, maana laiti mtu angenieleza mapema ng'ombe wa mzee wangekuwa zizini leo. Viza ya China ni stika inayojaza ukurasa mzima wa pasipoti. Juu kushoto kuna mstari wa aina ya viza, na hapo pana herufi. L ni ya utalii, F ni ya ziara za kubadilishana, X ni ya wanafunzi, M ni ya biashara. Ya kazi ni Z, na ni Z peke yake. Kwangu iliandikwa M, na kwenye sehemu ya siku za kukaa iliandikwa 030. Mwenye Z mara nyingi huandikiwa 000, kwa kuwa akishaingia ana siku 30 za kwenda kuomba kibali cha ukaazi. Nilipomuuliza wakala akanijibu, "Hiyo M ni ya kuingilia tu, tutaibadilisha ukishafika." Naona na wewe umeambiwa vivyo hivyo, karibu neno kwa neno.

Usilikubali neno hilo. Viza ya Z huombwa ukiwa nyumbani, na ubalozi haukupi bila taarifa ya kibali cha kazi iliyotolewa kule China kwa jina la mwajiri wako. Mwajiri ndiye anayeanza kuomba, wewe unafuata. Kama hiyo taarifa ipo, wakala anaweza kukutumia nakala leo hii. Mwombe. Angalia jina la mwajiri lililoandikwa, kisha ulilinganishe na shule utakayofundisha. Kama havilingani, hapo hapana.

Kuna jambo jingine nadhani mawakala wanalifahamu fika ila hawalisemi. Kwa taratibu za vibali vya kazi zilizounganishwa nchi nzima mwaka 2017, mwalimu wa lugha anatakiwa, kimsingi, afundishe lugha yake ya mama, awe na shahada na kwa kawaida uzoefu wa miaka miwili. Lugha yetu ya mama si Kiingereza, hata tungekisema vizuri namna gani. Kwa hiyo Mtanzania kupewa kibali cha kufundisha Kiingereza cha watoto ni shida kubwa, na ndiyo sababu tunapitishwa mlango wa M. Hawajasahau kukuombea Z, rafiki yangu. Wanajua haitatoka. Kilichoniuma zaidi baadaye kilikuwa hicho, kwamba tangu siku ya kwanza walijua nitafanya kazi kwa kujificha, na bado wakapokea hela ya mzee.

Siku zangu 30 zilipokaribia kuisha, kijana aliniombea nikaongezewa siku nyingine 30. Nikatulia. Sikujua kwamba viza ya namna hiyo haiongezwi kupita idadi ya siku ulizopewa mwanzo, hata uombe mara ngapi. Siku ya 60 ikapita. Nikamuuliza kila siku, akawa ananijibu "bado inashughulikiwa", na pasipoti anayo yeye. Mshahara nao tuliahidiana yuan 12,000 kwa mwezi. Shule ilimlipa wakala, wakala akanipa 6,000, akisema zingine ni za nyumba na usumbufu wa makaratasi. Mwezi wa kwanza 6,000, wa pili 6,000, wa tatu sikuuona.

Walikuja Jumamosi, siku ya 69, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshika kadi yenye picha ya ndizi, watoto wamekaa duara. Msaidizi wangu akafungua mlango, hakusema kitu, akanishika mkono akanivuta mpaka stoo, nyuma ya magodoro madogo wanayolalia watoto mchana. Akanifungia. Nilisimama gizani na ile kadi mkononi. Ukuta ulikuwa mwembamba, nikawasikia watoto wananiita jina langu, kama tulivyozoea kwenye mchezo wa kujificha. Walidhani tunacheza. Mmoja ndiye aliyewaonyesha polisi mlango.

Hawakunipiga wala kunitukana, lazima niseme ukweli. Walinikalisha kituoni mpaka usiku, wakaleta mkalimani. Wakaandika maelezo yangu kwa Kichina, nikagandamiza kidole gumba chenye wino mwekundu kila ukurasa. Ulikuwa ni mkono ule ule niliozoea kuandikia ubaoni, nao ukabaki mwekundu siku mbili.

Afisa alinionyesha vifungu. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini ilianza kutumika Julai 1, 2013. Anayefanya kazi bila kibali hutozwa kati ya yuan 5,000 na 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa ndani siku tano hadi 15. Kupitiliza muda wa viza ni yuan 500 kwa kila siku, mwisho 10,000. Mimi nilihesabiwa siku tisa, ikawa 4,500, na kwa kufanya kazi wakanitoza kima cha chini, 5,000. Jumla 9,500. Waliponiuliza nani mwajiri wangu, nikataja shule. Shule ikasema haijaniajiri, imeletewa mwalimu na wakala. Wakala akasema kwa simu yeye si mwajiri, ni mtu wa kuunganisha tu. Simu yake haikupatikana tena baada ya hapo, na pasipoti yangu ikakutwa kesho yake kwa mlinzi wa shule, ndani ya bahasha, bila hata barua. Sheria ina adhabu kwao pia: anayeajiri mgeni kinyume cha sheria hutozwa yuan 10,000 kwa kila mtu, na anayemtafutia mgeni kazi ya namna hiyo 5,000 kwa kila mtu. Sijui kama walilipa. Mimi nililipa. Wanafunzi wa Kitanzania wa pale mjini, watu ambao sikuwahi kuonana nao, walinichangia kilichopungua pamoja na nauli.

Hilo la mwajiri ndilo ninalotaka ulishike zaidi ya hesabu za faini. Wakala akikaa katikati, siku ya furaha kila mtu ni bosi wako, na siku ya matatizo huna bosi hata mmoja.

Hapa shuleni kwetu tuna mwalimu wa Fizikia kutoka Kenya. Nilipoanza kazi niliona nakala za vibali vyake ofisini kwa mkuu wa shule, nikazishika nikasoma kila mstari. Anavyo viwili: kibali cha kazi cha Kamishna wa Kazi, chini ya sheria yetu ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni, na kibali cha ukaazi daraja B cha Uhamiaji. Vyote vimetaja shule yetu, na shule ndiyo iliyomwombea. Hata Mkenya, ndugu yetu wa Afrika Mashariki, haruhusiwi kuingia darasani hapa kwa muhuri wa mpakani pekee. Nilitoka ofisini nikaenda kukaa chooni nikalia. Kumbe kitu chenyewe ni cha kawaida namna hii, kikifanywa na mtu mwenye nia njema.

Sikukatazi kwenda nje. Wewe ni mwalimu wa Hesabu, na mzuri. Kuna shule za kimataifa huko zinazotafuta walimu wa masomo kama lako kwa njia halali, na hapo habari ya lugha ya mama haikubani kama ilivyonibana mimi. Lakini wataangalia uzoefu, na wewe una mwaka mmoja na miezi miwili tangu uanze hapo Kondoa. Timiza miwili. Wakati huo cheti chako cha shahada na hati ya polisi ya kutokuwa na makosa vianze safari yake: vinathibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozini. Huyo wakala naye aulizwe kibali chake cha uwakala wa ajira. TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, wapo kwa shughuli hizo na wanaweza kukwambia kama wanamfahamu. Kama hapendi ukiuliza, umeshajibiwa.

Najua usaili wa ajira za serikali umekuchosha, na najua huo mshahara wa shule yako unaisha tarehe kumi. Usidhani naandika nikiwa nimeshiba. Mpaka leo nalipa deni la mzee kidogo kidogo, na zizi bado lina nafasi nne. Hajaniuliza hata siku moja kilichotokea. Mwaka jana tukivuna zabibu pale Chamwino alinikabidhi kichala kikubwa, akasema, "Kula mwalimu," akaendelea na kazi. Nadhani anajua.

Umesema malipo ya kwanza ni Ijumaa, na fedha unakopa kwenye kikoba cha mama yako. Wale akina mama watakaa chini ya mwembe wahesabu noti za elfu mbili mbili kwa ajili yako. Nakuomba, usizipokee kabla hatujaonana. Jumatano sina vipindi baada ya saa sita. Panda basi la asubuhi, ukifika stendi nipigie nije kukuchukua. Njoo na mkataba, barua ya mwaliko na risiti ya chochote ulichokwisha kulipa. Tutamwandikia huyo wakala pamoja, kwa simu yako, sentensi moja tu: anitumie taarifa ya kibali cha kazi yenye jina langu na jina la shule. Kisha tutakaa tukisubiri jibu lake, nitakuwa nimepika mlenda na ugali wa mtama.

Msalimie mama, ila hii barua usimsomee. Nitakuja kumweleza mwenyewe.

Mimi wako,
wa kitanda cha juu