Risala ya Klabu ya Usomaji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, 2 Aprili

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu wapendwa,
Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule,
Wazazi, walezi na wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunafahamu una shughuli nyingi, na kwa hiyo kuja kwako kumetupa moyo sana. Karibu shuleni kwetu.

Kwa kawaida risala huanza na historia ya shule. Leo tunaomba ruhusa yako tuanze na historia ya mama mmoja ambaye bila yeye tusingekusanyika hapa. Jina lake ni Jella Lepman.

Alizaliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1891, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa na miaka 17 tu alianzisha chumba cha kusomea kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha tumbaku. Aliolewa, akajaliwa watoto wawili, na mwaka 1922 mumewe akafariki. Akawalea wanawe kwa kalamu: alikuwa mwandishi wa gazeti la mji wao, na akaandika pia hadithi za watoto. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933, Wayahudi wakaanza kuondolewa makazini, naye hakupona. Mwaka 1936 akakimbilia Uingereza na watoto wake.

Vita ilipokwisha mwaka 1945, jeshi la Marekani lilimwomba arudi Ujerumani awe mshauri wa mambo ya wanawake na watoto. Hapa, Ndugu Mgeni Rasmi, klabuni kwetu tulibishana sana. Wapo wenzetu waliosema wao wasingekubali kamwe, kwani nchi ile ilimfukuza, na Wayahudi wapatao milioni 6 walikuwa wameuawa. Yeye mwenyewe alisita. Akakubali kwa ajili ya watoto, maana hawakuwa wamelianzisha balaa lile, na walikuwa wakiishi ndani ya vifusi vyake.

Alipofika, wapo waliomwambia kwamba watoto wenye njaa wanataka mkate, vitabu vitasubiri. Yeye aliamini wanahitaji vyote viwili. Tena vitabu vilivyokuwa vimebaki vilikuwa vimejaa sumu ya Wanazi, na vile vizuri vingi vilikwisha kuchomwa moto. Fedha za kununulia vingine hakuwa nazo. Akaketi akaziandikia nchi 20, akiziomba zimtumie bure vitabu vyao bora vya watoto, ili kuinyoosha dunia iliyopinduka kuanzie kwa watoto.

Ubelgiji ilimkatalia. Ilikwisha kuvamiwa na Wajerumani mara mbili, na machungu yalikuwa bado mabichi. Mama huyu hakukasirika, wala hakukata tamaa. Aliandika tena akiwasihi wafikirie upya, kwa kuwa watoto wale wasipopewa mwanzo mpya, uvamizi wa tatu unaweza kuja. Ubelgiji ikatuma vitabu. Sisi tunaiona barua hiyo ya pili kuwa kubwa kuliko kazi nyingine zote alizofanya.

Maonyesho ya vitabu hivyo yalifunguliwa München mwezi Julai 1946, katika jumba lililojengwa na utawala wa Hitler kuonyeshea sanaa iliyompendeza. Krismasi ya mwaka huo watoto wa Berlin waligawiwa nakala 30,000 za hadithi ya fahali anayependa kunusa maua kuliko kupigana. Jella aliitafsiri mwenyewe, ikachapwa kwenye karatasi za magazeti.

Mwaka 1949 maonyesho yale yakazaa Maktaba ya Kimataifa ya Vijana mjini München, ambayo ipo hadi leo. Watoto walivuta vitabu rafuni kwa mikono yao, wakaazima, wakachora, wakajadili walichosoma. Mwaka 1953 bodi ya kimataifa ya vitabu vya watoto ikaundwa Zürich kwa juhudi zake. Bodi hiyo ndiyo iliyoanzisha sikukuu ya leo mwaka 1967, kwenye tarehe aliyozaliwa mtunzi Hans Christian Andersen. Jella alifariki Zürich mwaka 1970.

Ndugu Mgeni Rasmi, nasi tuna ya kwetu. Tunawashukuru walimu waliotupatia kipindi cha kusoma kila Ijumaa. Hata hivyo, vitabu vya hadithi ni vichache na vinakaa kabatini chini ya kufuli, kwa hofu ya kupotea. Kile kinachopendwa kuliko vyote darasa la tano kimechanika kurasa za mwisho, hivyo kila anayekisoma humalizia kwa kusimuliwa na waliokiwahi kikiwa kizima.

Tunaomba utuongozee harambee ya leo ili chumba kilichokuwa stoo kitiwe rafu, meza na vitabu vya hadithi, hasa vya Kiswahili. Tunaomba pia, mbele yako na mbele ya wazazi wetu, turuhusiwe kuazima vitabu na kwenda navyo nyumbani. Daftari la kuazimia tumekwisha kulichora mistari, na wanafunzi wawili wa darasa la sita wamejitolea kulitunza.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.