Nitapita Makambako

Uyole, Mbeya
Jumapili, 3 Agosti 2025

Rehema mwenzangu,

Kamwene. Najua utaishangaa karatasi. Siku hizi barua ni za benki na za shule tu, lakini meseji zangu tatu umezisoma hukujibu, na ya nne nimeona aibu kuiandika. Kwa hiyo nimeandika hii. Kesho alfajiri namkabidhi kondakta pamoja na kifurushi, naye akifika stendi atakupigia ukachukue. Barua haina tiki za bluu. Utaisoma ukitaka, mimi sitajua, kila mtu atalala usingizi wake.

Viza ya kwenda kusoma Ufaransa imetoka. Nimeanza na hilo usije ukalisikia kwa watu wa darasani.

Na kabla sijaendelea, kuna jambo limenikaa kooni tangu Aprili. Nani alikuwa akimfundisha mwenzake ile r ya Kifaransa kwenye ngazi za hosteli, mpaka wapita njia wakadhani tunasukutua? Siyo mimi. Siku ya usaili wako wa chuo umeme ukakatika, simu ikazimika katikati ya sentensi, wale wakasubiri dakika zao wakafunga. Wangu ulikuwa kesho yake, umeme upo. Wakaniuliza kwa nini nataka kwenda Grenoble, nikawajibu kwa maneno yaleyale uliyoniandikia wewe kwenye daftari la kijani. Neno kwa neno, Rehema. Wakatabasamu, mmoja akaandika kitu. Sijamwambia mtu, hata mama. Watu wakinipongeza nasema asante, halafu naangalia pembeni.

Basi, nimelisema. Hukuniomba niliseme na wala sidai unijibu. Ila huku mambo ya kuchekesha ni mengi na sina wa kucheka naye.

Kwanza makaratasi. Unajua cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Atupelye, vya shule vyote Atupele. Herufi moja ya karani mmoja, siku niliyozaliwa, pengine alikuwa na njaa. Miaka yote haikunisumbua, nikadhani imejifia. Kumbe ilikuwa inasubiri Ufaransa. Nimekwenda ofisi moja nikarudi, nikaambiwa niende nyingine, ile nyingine ikanirudisha kwa ya kwanza, mwisho nimekula kiapo kwa wakili kwamba Atupele na Atupelye ni mtu mmoja. Nimeapa kwamba mimi ni mimi! Na hatujamaliza, maana nikifika, ili niingizwe kwenye bima yao ya afya, watataka cheti hichohicho cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi, kimefasiriwa kwa Kifaransa na mfasiri aliyeapishwa. Namhurumia huyo mfasiri na ile y.

Viza yenyewe ni ile ya muda mrefu, na nayo inataka kukamilishwa kwa mtandao ndani ya miezi mitatu baada ya kuingia nchini, la sivyo inakuwa kama hukuwahi kupewa. Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la daftari. Ukija kuomba na wewe, hilo usilisahau.

Chumba nimepata kwenye hosteli za CROUS, ndio shirika la serikali linaloshughulikia malazi na chakula cha wanafunzi. Mita za mraba tisa. Nimepima kwa futi hapa nyumbani: ni jiko la mama bila stoo. Lakini kabla hujapewa ufunguo lazima ukikatie bima hicho chumba. Nilimweleza mjomba, akauliza wataiba nini humo, sufuria? Nikamwambia siyo wizi, ni moto na maji, ukiacha bomba wazi ukamlowesha wa chini. Akasema basi wafunge bomba. Halafu unatakiwa uwe na mdhamini anayeishi huko, wa kulipa kodi ukishindwa. Hapo nilikosa usingizi siku mbili nikimtafuta mtu Ufaransa katika ukoo mzima, mpaka nikagundua kuna mpango wao unaitwa Visale, unakudhamini bure ukiwa bado hujavuka umri wa miaka 30. Nimejaza, wamekubali. Mdhamini wangu sasa ni Wafaransa wenyewe, mjomba ametulia.

Kuhusu baridi, kila mtu ananipa pole kama nimefiwa. Mimi nilikuwa najigamba: mtoto wa Mbeya, nimeoga maji ya Julai alfajiri, nitaogopa nini? Halafu nikasoma. Grenoble wanauita mji mkuu wa milima ya Alps, na kweli umezungukwa: Chartreuse huku, Vercors huku, Belledonne kule, na Olimpiki ya majira ya baridi ya 1968 ilifanyika pale. Lakini mji wenyewe uko chini bondeni, mita mia mbili na kitu tu juu ya usawa wa bahari. Sisi hapa tuko kama 1,700! Nakwenda kwenye mji wa milima kwa kuteremka. Nikaona nimeshinda, mpaka nikafika kwenye habari za Januari, maji ya nje yanaganda, na Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Nikafunga mdomo, nikaenda Mwanjelwa kutafuta koti.

Kosa langu ni kumwambia muuzaji naenda wapi. Bei ikapanda palepale, akaliita koti la Ulaya. Nikamwambia yote haya ni ya Ulaya, ndiyo maana yanaitwa mitumba. Nikahamia meza nyingine, nikasema nataka la kwendea shamba, nikapata zito, jeusi, linafika magotini. Ndani lina kile kitambaa cha maelekezo ya kufua, kwa Kifaransa. Nikasimama pale katikati ya kelele nikakisoma chote, maji ya nyuzi 30, usitumie pasi ya moto, na nikakielewa. Nilitamani kukupigia simu dakika ileile.

Wiki iliyopita nilikwenda Tukuyu kumuaga bibi. Unamjua, haagiki haraka. Alikuwa anamenya mbalaga, akaniuliza huko wanasalimianaje. Nikaanza kumweleza "tu" na "vous" za Kifaransa, wewe ya kawaida na wewe ya heshima, nikijiandaa kwa hotuba ndefu, maana unakumbuka yule mwalimu wa kwenye video alivyotumia masomo mawili kueleza nani anaitwa "tu" na nani "vous". Bibi hakuinua hata uso. "Si ugonile na mugonile," akasema. Kwa Kinyakyusa mmoja unamwambia ugonile, mkubwa wako hata kama yuko peke yake unamwambia mugonile, kama vile wako wengi. Somo limekwisha kabla kisu hakijafika ndizi ya pili.

Nikaona nimtafutie gumu. Nikamwambia wakikutana wanagusanisha mashavu, kulia na kushoto, ndugu, marafiki, mpaka wakwe. Hapo akainua uso. "Baba mkwe na mkamwana?" Nikasema ndiyo, bibi, mashavu. Sasa bibi yangu aliolewa enzi zile mkamwana akisikia tu kikohozi cha baba mkwe njiani anatumbukia migombani kujificha. Anasema mpaka mzee yule anafariki hakuwahi kumtazama usoni, anamjua kwa miguu na fimbo. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Kisha akanyamaza muda, akasema, "Wewe usiolewe huko mpaka nije niyaone hayo mashavu."

Halafu akataka nibebe ndizi. Mkungu. Nikasema moyoni hili ni jepesi kulikataa, nitasingizia sheria ya forodha, na kweli nikaingia kwenye simu mbele yake kutafuta ushahidi. Nyama hairuhusiwi. Maziwa hayaruhusiwi, kwa hiyo mtindi wake umepona. Matunda mabichi lazima yawe na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa ya aina tano tu: nanasi, nazi, tende, duriani (usiniulize) na ndizi. Ndizi! Katika matunda yote ya duniani! Bibi akaniangalia kama mtu aliyejua siku zote kwamba Ulaya nzima wanamheshimu. Tumeafikiana vichana viwili, na sijui nitaacha nini kwenye zile kilo 23.

Ila nilikufikiria wewe, maana parachichi limo kwenye yanayokatazwa bila cheti. Hass za kina baba yako zinapakiwa kwenye makontena kutoka Njombe, na zetu kutoka Rungwe, zinavuka bahari zinaliwa Ulaya na chumvi na ndimu, lakini mimi niliyezaliwa chini ya mparachichi siwezi kuingia na moja kwenye mkoba. Kontena lina cheti, Atupele hana.

Saa nazo zitanichosha. Kusoma saa yao unajua, toa sita kama kawaida, lakini wao husema saa 14, saa 19, mpaka 23, nimeshaona kwenye ratiba. Kisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba nchi nzima wanarudisha saa nyuma. Mpaka siku hiyo nitakuwa nyuma yenu kwa saa moja, baada ya hapo mbili. Ukipiga saa tatu usiku mimi nitakuwa saa moja jioni, ndio nakula. Piga tu.

Na namba! Nimefika sabini nikakwama. Sabini wanasema sitini-kumi, themanini ni nne-ishirini, na tisini na saba ni nne-ishirini-kumi-saba. Mtu akikutajia namba ya simu anaisoma mbilimbili kwa mwendo huo, ukisikia ishirini umeshaandika, kumbe alikuwa bado anaelekea tisini. Fikiria konda wa Kabwe akitangaza nauli hivyo, abiria watashuka wote.

Alama wanatoa kati ya 20. Kumi umefaulu, kumi na mbili watu wanakupongeza, na wenyewe wana msemo kwamba ishirini ni ya Mungu na kumi na tisa ya mwalimu. Kwa hiyo ukisikia nimepata 13 usinionee huruma, andaa soda.

Sasa sehemu yenyewe niliyotaka kukuandikia. Kati ya masomo niliyochagua kuna moja la uthabiti wa miteremko, jinsi udongo na miamba inavyokatika na kuporomoka, na namna ya kuizuia barabara isiende nayo. Pale wamebobea, milima imewafundisha kwa nguvu. Nilipoliona kwenye orodha niliwaza mlima Kitonga, na ile siku tuliyokaa pale kwenye kona saa nzima nyuma ya lori lililokwama, wewe ukanionyesha ukuta wa mlima ukasema maji yanaingilia pale juu na siku moja yatadai njia. Mimi nilikuwa naangalia wauza ndizi. Hilo somo ni lako, nakwenda kukushikia nafasi. Nitakutumia kila kitu, picha za ubao, maswali, mpaka michoro, na wewe huko field, ukiwa na barabara halisi mbele yako, utaniambia wapi mhadhara unadanganya. Sikufanyii hisani. Mimi peke yangu sitalielewa, unajua hesabu zangu za shinikizo la maji kwenye udongo zilivyo.

Kwenye kifurushi utakuta kamusi. Tuliichangia nusu kwa nusu, na nusu yangu nakuuzia kwa bei ya kunisamehe, kama ipo. Daftari la kijani sijalitia humo. Nitakwenda nalo, kisha nitalirudisha Februari likiwa limejaa, maana chuo kimeniambia wanapokea maombi mengine mwakani na mwaka huo hutaombea nyumbani kwenu kwenye umeme wa kubahatisha. Utakuja huku kwetu Uyole, kuna sola ya mama, na mama ameshakubali kabla sijamwomba.

Samahani kwa mwandiko, nje wanapiga muziki wa Nane Nane tangu asubuhi na meza inatetemeka.

Msalimie mama yako, mwambie shikamoo yangu, na baba pia.

Naondoka Mbeya Alhamisi tarehe 28 na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Makambako tutafika kwenye saa tatu hivi, linasimama dakika kumi, watu wananunua mahindi na kujisaidia. Nimekata siti ya dirishani, upande wa kushoto, nitakuwa nimevaa koti jeusi kwa sababu sandukuni haliingii. Ukiwa field siku hiyo nitaelewa. Ukiwa na nafasi, njoo na parachichi moja lililoiva vizuri na kijiko. Nitalimaliza kabla ya Mikumi.

Wako,
Atupele (bila y)