Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeambiwa "mwanao atachoka huko"

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ujumbe wako wa sauti, kwamba mwalimu hakumpendekeza mwanao kwenda shule ya kuelekea chuo kikuu, nimeusikiliza hadi mwisho, hadi pale unaposema, "Dada, sisi ni wageni, tukianza kubishana na mwalimu tutaonekana wakorofi." Nilitaka kukujibu kwa simu, ila maneno hayohayo nimeshayasikia kwa mama mmoja wa Kigoma anayeishi Hamburg, na kwa jirani yangu Mkongo hapa Berlin ambaye wanawe wote wamepitia shule za huku. Nimeona nijibu hadharani. Jina lako nimelificha, usianze kunigombeza.

La sherehe tulimalize kwanza. Shule imekuomba uvae kanga na upeleke sambusa Siku ya Tamaduni. Peleka, watoto wale, picha zipigwe. Mimi mwenyewe nimekaanga maandazi ya sherehe hizo mpaka mwalimu mkuu ananijua kwa maandazi kuliko kwa jina. Ila wasikuridhishe kwa hilo. Tamaduni zinazoingia shuleni Ijumaa mchana na kutoka jioni na masufuria yake hazijagusa kitu darasani. Ukitaka kujua kama shule ina usawa, tazama nani anapelekwa njia ipi, kisha ufungue madaftari ya watoto uone wanafundishwa nini.

Na hilo la njia ndilo ulilolitaja mwishoni kwa haraka, kana kwamba ni dogo. Niwaeleze kidogo wasomaji wasioijua Ujerumani. Elimu huku iko mikononi mwa majimbo 16, na katika mengi yao mtoto akimaliza darasa la nne, ana miaka kumi tu, anagawiwa njia. Gymnasium ndiyo inayompeleka moja kwa moja kwenye Abitur, yaani mtihani wa kufungulia mlango wa chuo kikuu. Realschule na Hauptschule zinaelekea zaidi kwenye ufundi na kazi. Kurudi njia ya chuo kikuu inawezekana, kwa mwenye pumzi. Alama zao zimegeuzwa, 1 ndiyo ya juu na 6 ndiyo ya mkiani. Sasa mwanetu ana 2 ya hisabati, 2 ya maarifa na 3 ya Kijerumani, halafu mwalimu kapendekeza Realschule. Ulipouliza sababu ukaambiwa huko Gymnasium "atachoka, na nyumbani hakuna wa kumsaidia Kijerumani."

Nusu ya pili ya jibu hilo haimhusu mtoto hata kidogo. Inakuhusu wewe na shemeji.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mannheim walitoa matokeo ya jaribio moja ambalo kila mzazi wa kwetu angefaa kulijua. Waliwapa wanachuo wa ualimu imla ya mtoto wa shule waisahihishe. Imla ni ileile, makosa ni yaleyale, ila wengine waliambiwa mwandishi ni Max, jina la Kijerumani, na wengine wakaambiwa ni Murat, jina la Kituruki. Katika kuhesabu makosa hapakuwa na tofauti. Ilipofika kwenye kutoa alama, Murat akapata mbaya zaidi. Kalamu nyekundu ilitenda haki mstari hadi mstari, mkono ukapinda pale chini panapoandikwa namba. Na hao walikuwa vijana waliokuwa wakijifunza kazi, nina hakika wengi wao ukiwauliza watakuambia hawana ubaguzi na watakuwa wanasema kweli wanayoijua.

Ndiyo maana sisemi mwalimu wa mwanetu ana chuki. Huenda anampenda sana, huenda kweli anamhurumia. Huruma ya namna hiyo imepoteza watoto wengi. Huko Ostrava, Jamhuri ya Cheki, watoto wa Kiroma, jamii ndogo inayobaguliwa sana Ulaya, walikuwa wakipewa mtihani wa akili na kupelekwa shule maalumu za watoto wenye upungufu wa akili. Karatasi za mtihani zilikuwa safi, na wazazi walikuwa wametia saini kukubali. Wanafunzi 18 wakashtaki, wakashindwa kwao, wakaenda mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg. Tarehe 13 Novemba 2007 majaji 13 dhidi ya 4 wakasema huo ni ubaguzi. Mahakama ilisema wazi kwamba saini ya mzazi haifuti haki ya mtoto kutobaguliwa. Nikisikia mtu anasema "lakini wazazi walikubali wenyewe," nawakumbuka hao wa Ostrava.

Kwako wewe kuna nafuu. Jimbo la Bavaria ukurasa mmoja wa alama unaweza kumfungia mtoto mlango: pale wanataka wastani wa 2.33 katika masomo matatu, ukizidi hapo mtoto anafanya masomo ya majaribio kwanza. Lakini jimbo lenu la Nordrhein-Westfalen, pendekezo la mwalimu ni pendekezo tu. Mwenye kauli ya mwisho ni mzazi, ingawa sijawahi kusikia mwalimu akimwambia hivyo mama mwenye kitambaa kichwani bila kuulizwa.

Sasa nije kwenye wanachofundishwa, maana hapa nina la moyoni. Mwanangu wa pili alipelekwa na darasa lake kwenye jumba la makumbusho ya viumbe hapa Berlin kuona mifupa ya dinosaria mkubwa kuliko wote waliosimamishwa pale, urefu wake zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Akarudi na karatasi ya maswali aliyopewa na mwalimu. Alikula nini? Majani. Aliishi lini? Miaka milioni 150 iliyopita. Alitoka wapi? Mwanangu kaandika "Tendaguru, Lindi, Tanzania," kwa sababu babu yake mzaa baba ni wa Lindi na hadithi hiyo kaikuta nyumbani. Jibu la mwalimu pembeni, kwa wino wa kijani: "Afrika."

Mifupa ile ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, vita vya Maji Maji vimeisha juzi tu, na njaa iliyofuata baada ya jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi. Mamia ya watu wa huko walichimba, wakafunga mizigo, wakaibeba kichwani kwa siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa na ujuzi wa kusafisha na kuunganisha mifupa ambao maprofesa waliutegemea. Yuko dinosaria mwingine aliyepewa jina lake, Australodocus bohetii, lakini ni mwaka 2007. Darasa zima la watoto 26 lilisimama chini ya ile shingo bila kuambiwa hata moja katika hayo.

Nilimwandikia mwalimu, nusu ukurasa, kwa adabu zote. Akanijibu siku hiyohiyo kwamba hakuwa akijua na akaomba nije darasani. Nilikwenda. Walikuwa na maswali hao watoto! Mmoja, wazazi wake wa Anatolia, Uturuki, akauliza kwa nini mifupa haijarudishwa. Mwalimu akanitazama mimi, mimi nikamtazama mwalimu. Tukawaachia wabishane wenyewe, kipindi kikaisha bado wanabishana. Hicho ndicho kipindi ninachokitaka shuleni, na sikukaanga andazi hata moja.

Tena usidhani Wajerumani wote wanakataa. Rais Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023, akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa waliouawa. Hapa Berlin, eneo la Neukölln, barabara iliyokuwa na jina la Wissmann, gavana aliyekuja na mizinga pwani yetu, tangu 2021 inaitwa Lucy Lameck, mmoja wa wanawake wa kwanza kuingia serikalini Tanzania. Kibao kimebadilika. Mtaala wa shule ndio unaokwenda kwa mwendo wa kinyonga.

Na hili la ugeni, mdogo wangu. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili maofisa wa Kijerumani kwenye chuo cha lugha za mashariki. Wanafunzi wake hawakutaka kumheshimu Mwafrika aliyesimama mbele yao, akaacha kazi. Alipotaka kurudi kwao na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ikamzuia kwa sababu ya huyo mke. Akarudi Berlin, akafia hukuhuku mwaka 1927. Baada yake akaja Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyepigania jeshi lao akiwa mtoto. Alikuja mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukuwa umelipwa, akanyimwa, akabaki kama mhudumu wa mkahawa, mwigizaji wa filamu na mwalimu wa Kiswahili. Manazi walimkamata 1941 kwa kosa la kuwa na mwanamke Mzungu. Alifia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Novemba 1944. Jiwe la shaba lenye jina lake liko Brunnenstraße tangu 2007, na watoto wa shule hulipita wakienda kituoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulishalishika kabla bibi yetu hajazaliwa.

Hata sisi tusijifanye malaika. Kwenye ule ujumbe wako umemwambia mtoto asikae na "wale Waroma, wana chawa." Nilikusikia. Mwalimu akiwaweka Waroma nyuma unanyamaza, akimweka mwanao nyuma unalia? Na wale watoto wa Kituruki mnaowasema vibarazani ndio waliotutangulia kupigania haki hizi. Zungumza na mama zao, wanazijua fomu kuliko mimi.

Kuhusu sheria sitakuchosha. Umoja wa Ulaya ulikataza ubaguzi wa rangi na kabila mwaka 2000 na elimu ikatajwa waziwazi, ila sheria ya Ujerumani ya 2006 haikuzigusa sana shule za serikali. Berlin ilitunga yake mwaka 2020, mzazi anaweza kulalamika na hata kudai fidia. Kwenu uliza ofisi ya ushauri wa ubaguzi iliyo karibu, ziko miji mingi na hazitozi senti.

Kikaoni usiende peke yako. Nenda na shemeji au mtu anayejua Kijerumani vizuri, na mtoto asiwe mkalimani. Hakuna mtoto wa miaka kumi anayeweza kutafsiri maneno ya kumkataa yeye mwenyewe bila kuyapunguza. Omba sababu za pendekezo kwa maandishi, alama kwa alama. Uliza: wenzake wenye alama kama zake wamependekezewa wapi? Hatakutajia majina, lakini atafikiri. Na Gesamtschule, shule inayoweka njia zote pamoja, usiidharau, Abitur inapatikana palepale bila kuchujwa angali mdogo. Fomu ya kujiandikisha ina tarehe ya mwisho, iangalie leo. Kabla hujatia saini popote nitumie picha yake, hata iwe usiku.

Msalimie shemeji na watoto.

Dada yako, Berlin